Upondo, maji na panga sita: nilivyoisoma karata moja ya taroti Kigoma

Mtu anayenakili picha kwa mkono hulazimika kuona mambo ambayo mtazamaji wa kawaida huyapita, kwa sababu kila mstari humdai uamuzi: unaanzia wapi, unaishia wapi, na unafanya nini hapo ulipo. Mimi huandika majina ya maboti na kuchora mabango ya maduka kati ya Ujiji na Kibirizi, na sikuwahi kufikiri kwamba kazi hiyo ingenifikisha kwenye karata za taroti, zile za picha ambazo wengi huzitumia kwa utabiri. Mteja mmoja, mama wa kigeni aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi upande wa Kasulu na ambaye mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, aliniletea karata moja ndogo inayoitwa Sita ya Panga, akaomba niikuze iwe picha ya rangi kwenye ubao wenye ukubwa wa mlango. Nilipomuuliza karata hiyo ina maana gani, alinijibu kwamba angependa kwanza nimwambie mimi ninaona nini.

Nilichokiona ni hiki. Mwanamume amesimama upande wa tezi wa boti ndogo ya mbao, ameshika mti mrefu mweusi na anaisukuma boti kuelekea ng'ambo. Mbele yake ameketi mtu aliyejifunika vazi mpaka kichwani, ameinama, na ubavuni mwake yupo mtoto. Wote watatu wametupa mgongo. Mbele yao, karibu na omo, zimesimama panga sita ncha zikiwa chini, mfano wa nguzo za ua. Maji ya upande wa kulia wa boti yana viwimbi, na ya upande wa kushoto yametulia kabisa. Mbali, chini ya mbingu ambayo kwenye karata niliyopewa ilikuwa ya kijivu, kuna nchi kavu yenye miti. Juu kabisa imeandikwa namba sita kwa tarakimu za Kirumi. Hakuna zaidi ya hapo, na yeyote anayesema karata hii inaonyesha machozi, kifo au maadui wanaofukuza ameshaanza kuongeza yake.

Kabla sijafika mbali na kazi hiyo ilinibidi nijibu swali la ramli. Sisi watu wa Kigoma tumezoea kuulizwa habari za uganga na wageni wa Dar es Salaam kabla hata hawajauliza bei ya dagaa, kwa hiyo mchoraji anayeonekana na karata za bahati anajitafutia maneno. Mzee mmoja wa Ujiji, mtu wa msikitini ambaye hupita kwangu kila jioni, aliitazama karata ile kwa muda kisha akaniambia, "Mwanangu, picha ni picha, lakini usije ukaanza kuwasomea watu nyota hapa barazani." Nilimweleza niliyoyasoma: kwamba karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo, na kwamba wapo Wafaransa ambao mpaka leo huzicheza jioni kama sisi tunavyocheza karata zetu za kopa na shupaza. Kuzitumia kwa utabiri kulienea baadaye sana, hasa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, baada ya mwandishi Antoine Court de Gébelin kudai mwaka 1781 kwamba zimehifadhi hekima ya siri ya Misri ya kale. Alidai hivyo zaidi ya miaka arobaini kabla ya Champollion kufumbua maandishi ya Kimisri mwaka 1822, yaani wakati ambapo hakuna mtu yeyote Ulaya aliyeweza kuyasoma. Mzee aliposikia hilo alicheka sana. Hata hivyo hakubadili msimamo wake juu ya ramli, nami sikumwomba aubadili, kwa kuwa mteja wangu mwenyewe aliniambia kwamba yeye huitazama karata ili apange mawazo yake, na kwamba kesho anaiachia Mungu.

Kitu kilichonishika mapema kilikuwa alama ndogo iliyojikunja pembeni mwa picha, ambayo ni sahihi ya mchoraji. Jina lake ni Pamela Colman Smith. Alizaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi Wamarekani, sehemu ya utoto wake akaishi Jamaica, akasomea sanaa Brooklyn, kisha akafanya kazi na watu wa jukwaa la maigizo huko London. Mwaka 1909, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya elimu za siri, alichora seti nzima ya karata 78, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz mwaka huohuo aliieleza kazi hiyo kuwa ni kubwa kwa malipo madogo sana. Fundi yeyote wa mabango angemwelewa. Kwa miaka mingi karata hizo ziliitwa kwa jina la mchapishaji, Rider, na la Waite, huku la kwake likiachwa.

Kazi yake ina uzito wa pekee katika karata ndogo, zile 56 zilizogawanywa katika fimbo, vikombe, panga na sarafu. Katika karata za zamani za aina ya Marseille, sita ya panga ilikuwa ni panga sita tu zilizopangwa kwa mapambo, bila mtu, bila maji wala boti. Msomaji alitegemea namba na mapokeo. Smith aliweka tukio zima pale palipokuwa na hesabu, na tangu hapo kila anayeishika karata hii anakuwa mtazamaji wa mchezo wa jukwaani ambao pazia lake limefunguliwa katikati ya hadithi. Hata kuwageuza wahusika wote watupe mgongo ni uamuzi wa mtu anayelijua jukwaa, kwa sababu anayekupa uso anakuambia cha kuhisi, ilhali anayekupa mgongo anakuachia kazi hiyo wewe mwenyewe.

Nilipokuwa nimekwisha kuchora mistari kwa penseli, watu walianza kusimama. Mvuvi wa Katonga aliyekuwa amekuja kuniagiza namba za usajili wa boti yake ndiye aliyesema jambo ambalo sikulikuta katika maelezo yoyote niliyoyasoma kuhusu karata hiyo. "Fundi," aliniambia, "huyu mtu wako ameshika upondo. Hilo si kasia."

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tunajua maana ya hilo bila kuelezwa. Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na mahali penye kina kirefu zaidi ni mita 1,470. Katika sehemu nyingi za ufuko wetu wenye miamba huendi mbali kabla upondo haujakosa chini. Upondo ni chombo cha mto Malagarasi, cha maji ya matete na matope, mahali ambapo mtu anaweza kusimama wima, akachomeka mti chini na kujisukuma. Kwa hiyo mvuvi alisoma mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Maji yale ni ya kina kifupi. Safari si ndefu, kwa maana hakuna anayevuka ziwa lenye upana wa kilomita 50 kwa kusukuma mti. Na huyo mvushaji anaigusa ardhi kila anaposukuma, hata kama abiria wake hawaioni. Nilimuuliza kuhusu vile viwimbi vya upande wa kulia, ambavyo wafasiri wengi huviita misukosuko inayoachwa nyuma. Alinijibu kwamba hizo si dhoruba. Upepo mdogo tu wa asubuhi hufanya zaidi ya hapo, na maji yaliyochafuka ubavu mmoja na kutulia ubavu wa pili huonekana kila siku panapokuwa na kitu kinachokinga upepo. Aliongeza kwamba kama angekuwa yeye, angependa kujua boti imepita wapi kabla ya kuingia ndani ya ile picha.

Naliona jibu hilo kuwa somo kubwa kuliko vitabu kadhaa vya alama. Mfasiri aliyezoea orodha huanza na maji kama ishara ya hisia, na panga kama ishara ya fikra na ugomvi, kisha huunganisha viwili hivyo na kupata sentensi nzuri kuhusu akili inayovuka huzuni. Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli. Tatizo ni kwamba ingekuwa kweli hata kama mwanamume angekuwa ameshika kasia, au amekaa, au boti ina tanga, na tafsiri ambayo haibadiliki picha inapobadilika haijaigusa picha. Upondo unabadilisha mambo. Unasema kwamba anayevusha anafanya kazi iliyo ndani ya uwezo wake, juu ya chini anayoifikia.

Baadaye nilikuta kwamba Waite mwenyewe, katika maelezo aliyoyaandika kuhusu karata hizi, anasema karibu jambo hilohilo: mvushaji anapeleka abiria ng'ambo, mwendo ni mwanana, na kwa kuwa shehena ni nyepesi, kazi haijazidi nguvu zake. Waite na Smith wote wawili walikuwa wamepitia chama cha siri cha Golden Dawn, ambamo karata hii ilipewa jina lenye maana ya mafanikio yaliyotolewa jasho. Kati ya jasho na huzuni, picha imelionyesha jasho waziwazi, kwa yule aliyesimama. Huzuni tunaikisia kwa yule aliyeketi.

Panga zilileta mjadala mrefu zaidi, na hapa sikubaliani na wengi. Tafsiri moja inayopendwa ni kwamba panga zimetoboa sakafu ya boti na ndizo zinazoziba matundu, kwa hiyo mtu akizing'oa chombo kitazama. Maana yake ni kwamba majeraha fulani hayang'olewi njiani. Ni tafsiri yenye mvuto, na mteja wangu aliipenda sana. Nilimwita fundi wa mitumbwi anayefanya kazi jirani, nikamwonyesha. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, kisha akauliza ncha ziko wapi. Hazionekani. Smith amezificha ndani ya boti, nyuma ya ubao wa kando, na hakuna tone la maji alilolichora likiingia. Panga zinaweza kuwa zimechomekwa katika sakafu, zimeegemezwa, au zimeingizwa katika ubao uliotengenezwa kwa ajili ya kuzibeba. Fundi alinitajia jambo lingine la kazi yake: mzigo ukiwekwa wote mbele, boti huinamisha omo na kuwa ngumu kuongoza, na ndiyo maana mwenye upondo husimama nyuma kabisa, ili uzito wake uwe jibu la uzito wa mbele. "Huyu mchoraji aliwahi kupanda boti," alisema, na hiyo kwa fundi wa mitumbwi ni sifa kubwa.

Tangu hapo nimezoea kugawa maneno yangu ninapozungumzia picha. Nasema "naona" kwa kilichochorwa, na "nadhani" kwa nilichokijaza. Matundu ya boti yako upande wa nadhani. Kwamba panga zimesimama wima kati ya abiria na nchi wanayoiendea, kiasi kwamba hawawezi kuitazama nchi hiyo bila kuziona panga kwanza, hilo liko upande wa naona, na nashangaa kwamba halizungumzwi zaidi. Mtu aliyetoka kwenye ugomvi na kuusafirisha pamoja naye huona kila kipya kupitia katikati ya vitu vya zamani. Hakuna haja ya kutoboa boti ili kulisema hilo.

Mteja wangu aliichagua karata hii kwa sababu ya wakimbizi, na sisi wa Kigoma tungeona uhusiano huo hata bila yeye. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa mpakani, na MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikatumika kuwaleta mjini kabla hawajapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wengi wetu tuliwaona wakishuka. Kwa hiyo nilitegemea kwamba mama mmoja anayeuza mawese karibu na kwangu, ambaye alivuka mwaka ule, angeitambua karata mara moja. Aliitazama akiwa ameweka ndoo chini, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu mwenzangu hakukimbia, fundi. Huyu amepewa nafasi ya kukaa."

Nilimwomba afafanue. Alisema kwamba kwenye chombo cha watu wanaokimbia hakuna anayeketi na mtoto wake ubavuni huku mbele yake pakiwa patupu kiasi cha kusimamishia panga. Watu husimama, hubanana, na mizigo hutupwa. Tena aliuliza mizigo yao iko wapi, maana hata aliyetoka usiku hubeba sufuria. Kwake picha ile ilionyesha mtu aliyepanga safari, akalipa au akalipiwa, na anayeweza kuinama kwa sababu kuna mwingine anayeangalia njia. Alikubali kwamba mtu huyo ana majonzi. Alikataa tu kuyaita kwa jina la yaliyompata yeye.

Nilimpelekea mteja maneno hayo kama yalivyo, nikijua kwamba hayatamfurahisha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba katika mafunzo yake karata hii ilifundishwa kuwa ni ya kuondoka penye maumivu, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijiweka kwenye nafasi ya mvushaji. Sikuwa na la kumwongezea. Nilichomshauri ni kuziweka mezani sita zote nne, kwa kuwa alikuwa na seti kamili, na tulifanya hivyo siku alipokuja kukagua rangi ya kwanza. Katika Sita ya Vikombe mtoto anampa mwenzake mdogo kikombe chenye maua. Katika Sita ya Sarafu tajiri mwenye mizani mkononi anadondosha fedha katika viganja vya watu waliopiga magoti. Katika Sita ya Fimbo mpanda farasi mwenye taji la majani anapita, na watembea kwa miguu wamemzunguka. Zikitazamwa pamoja na ile ya boti, kila moja ina mtu aliye juu au mwenye uwezo zaidi na mtu aliye chini au mhitaji zaidi. Swali la nani anampa nani, na kwa gharama gani, linajitokeza lenyewe, na linampa yule mwenye upondo umuhimu ambao wafasiri wa huzuni humnyima, kwa kuwa macho yao yote yako kwa aliyejifunika.

Tulitazama pia karata inayotangulia, Tano ya Panga, ambamo mtu mmoja ameshika panga alizozikusanya huku wawili wakiondoka kuelekea maji wakiwa wameinama, chini ya mawingu yaliyochanika. Si lazima aliyeshindwa katika tano awe ndiye abiria wa sita, maana Smith hakuacha dalili yoyote ya kuwaunganisha kwa mavazi au kwa sura. Hata hivyo karata zikipangwa kwa namba, ukingo wa maji wa tano unatangulia uvukaji wa sita, na saba inamleta mtu anayenyemelea akiondoka na panga tano huku mbili zikibaki zimesimama nyuma yake. Mteja aliuona mfuatano huo mwenyewe. Mimi nilimshikia taa tu, maana umeme ulikuwa umekatika.

Ombi lake la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote ya kabla yake. Alitaka ile nchi ya mbali niibadilishe iwe milima ya Kongo, kama inavyoonekana kutoka kwetu siku ambazo anga ni safi, ili akiutundika ubao nyumbani kwao aikumbuke Kigoma. Nilimweleza kwamba milima ikiwa ya Kongo, maji yanakuwa ya Tanganyika, na maji yakiwa ya Tanganyika upondo hauna kazi. Itabidi mvushaji apewe kasia na akae, na akikaa uzito wa nyuma unabadilika, panga inabidi zirudishwe katikati, na abiria atalazimika kusogea mpaka apakane na zile panga. Tungekuwa tumechora karata nyingine, pengine nzuri, lakini isiyokuwa yake wala ya Smith. Alikaa kwenye benchi la wateja akiitazama kazi kwa muda mrefu, akaamua ibaki na ile nchi yake isiyojulikana jina, na milima ya Kongo nikamchorea kwenye kipande kingine kidogo bila kumtoza.

Mabaki ya rangi ya kijivu niliyaandikia jina la boti ya yule mvuvi wa Katonga. Wateja wangu wengine ndio walioumia, kwa sababu siku hizi mtu akija kuniagiza tai kwenye omo ya boti yake humuuliza kama tai huyo anaruka au anatua, na kama ana kitu kwenye kucha. Wengi huona nawapotezea muda. Mmoja aliniambia nimchoree tai aliyekaa, alipe, aondoke.